Msumeno Uliolala

Mvua ilikuwa imeshakatika, lakini kisiki cha mfenesi kilikuwa bado kinatoka utomvu. Inspekta Yusra alichuchumaa mbele yake, akaugusa kwa ncha ya kidole, ukamganda. Alijipangusa kwa jani, na jani nalo likaganda.

"Mafuta ya taa, Afande," alisema Sajini Mjaka. "Maji hayafui dafu kwa utomvu wa fenesi."

Walikuwa katika shamba la Bi Asila, kando ya njia ya Kizimbani, pale mikarafuu inapopakana na miti ya matunda. Juzi asubuhi, chini ya tawi kubwa la mfenesi huo, mlinzi wa shamba alimkuta Mabrouk, mkata kuni wa Kiembe Samaki, amelala kifudifudi hana uhai. Pembeni yake palikuwa na msumeno wa moto, ule wa petroli. Waliokusanyika waligawanyika. Baadhi yao walisema Mabrouk alikuja kuiba mti peke yake, ukamwangukia. Wengine walimtazama mlinzi mwenyewe, Mzee Nahodha, ambaye wiki chache nyuma alimtoa Mabrouk shambani kwa panga, watu wakiona. Kibandani kwake ilipatikana kamba mpya ya manila iliyochafuka utomvu. Polisi wa karibu walimchukua, na mpaka leo alikuwa ndani. Yusra alitumwa kutoka mjini aseme kama mzee yule ni muuaji au la.

"Tuanze na mti," alisema. "Mti hauna jamaa wa kumtetea."

Alikizunguka kisiki taratibu. Mbele, upande wa njia, mkataji alikuwa ametoa pengo la kabari, kama afanyavyo mtu anayeijua kazi, ili mti uangukie huko. Kisha akahamia nyuma na kukata kulifuata pengo. Mkataji mzuri haifikishi mikato hiyo miwili ikakutana. Huacha ukanda mwembamba wa mbao baina yake, unaolingana pande zote, uuongoze mti wakati unalala. Hapa ukanda ulikuwa umebaki kushoto tu. Kulia ulikuwa umekatwa ukaisha.

"Uligeuka ukiwa unaanguka," alisema Yusra. "Ulikuwa uende njiani, ukazunguka ukaja huku alikolala Mabrouk."

"Kwa nini mtu akate upande mmoja zaidi?"

Yusra alikuwa ameinama upande wa kushoto, akilikwangua vumbi la mbao kwa ukucha. Ndani ya mbao ya njano palikuwa na doa jeupe linalong'aa. Ulikuwa msumari mnene wa zamani, ambao gome lilikuwa limeshaumeza siku nyingi. Ulikuwa umekatwa nusu, na pale ulipokatwa ulimetameta.

"Hii ndiyo sababu. Msumeno umekutana na chuma, umegoma. Akaenda kukata upande usio na chuma. Piga picha, Mjaka, kwa karibu."

Mjaka alipiga picha. Kisha alikwenda garini akarudi na msumeno wa marehemu, umefungwa guniani kama ulivyoletwa kituoni. Yusra aliuweka juu ya gogo, akapitisha kidole kwenye mnyororo wake, jino baada ya jino. Meno yalikuwa butu, yamelika hadi kuwa mviringo, lakini yote yalikuwa mazima.

"Jino linalopita kwenye msumari halibaki hivi," alisema. "Lingemeguka."

Mjaka alivuta kamba ya kuwashia. Alivuta tena. Mashine haikukohoa hata kidogo.

"Umenyeshewa mvua, Afande."

"Labda. Urudishe guniani, na usiupanguse."

* * *

Mzee Nahodha aliletwa katika chumba cha nyuma cha kituo. Alikuwa amevaa shuka ileile aliyokamatwa nayo, na kofia yake ameikunja mkononi.

"Shikamoo, Mzee Nahodha."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunitoa au kuniongezea?"

"Nimekuja kuuliza habari za kamba."

"Kamba nimeiokota. Nshawaambia wenzako, hawataki kusikia. Nimeikuta kwenye midalasini karibu na barabara, asubuhi ile, kabla sijamwona marehemu. Kamba mpya. Nani angeipita?"

"Ilikuwaje? Imekunjwa?"

"Wapi! Imetupwa tu. Na ina fundo upande mmoja, kitanzi chake kimekatwa kwa kisu. Aliyekuwa nayo hakuwa na subira ya kufungua."

"Na siku moja kabla ulikuwa wapi?"

"Mazikoni, Dole. Kijiji kizima kilikuwa huko, hata mbwa hukumwona. Nimerudi magharibi na mvua kubwa, nikajifungia kibandani. Asubuhi ndiyo nikaona mfenesi uko chini."

"Kwa nini ulimtolea Mabrouk panga?"

Mzee aliikunjua kofia, akaikunja tena. "Bi Asila kasema mfenesi ule haukatwi, babake kaupanda kwa mkono wake. Mabrouk kaja kuuomba, nimemkatalia. Kaja tena, nimemkatalia. Mara ya mwisho nimeshika panga nimtishe. Alicheka, nami nikacheka. Hao walioona panga hawakukwambia kwamba waliona na kicheko?" Aliiweka kofia gotini. "Wanangu hawajaja kunitazama. Wanaona haya."

Nje, Mjaka alipiga simu kwa sheha, kiongozi wa mtaa kule Dole. Nahodha alikuwa Dole kweli. Tena ndiye aliyeingia kaburini kumpokea maiti. Lakini mkuu wa kituo alitikisa kichwa. Hakuna aliyejua mti ulianguka saa ngapi. Ungeweza kuanguka jioni, mzee akiwa ameshafika.

"Daktari alisema nini kuhusu mikono ya marehemu?" Yusra alimuuliza Mjaka walipoingia garini.

"Viganja vyote viwili vimechubuka. Alidhani ni alipojaribu kujivuta."

"Kifua kilisagika palepale, hakujivuta popote. Vimechubuliwa na kamba. Mabrouk alikuwa amesimama mbali akiuvuta mti kwa kamba, uende njiani. Sasa niambie, mtu anayevuta kamba kwa mikono miwili, msumeno kaushika kwa mkono gani?"

Mjaka aliitazama mikono yake mwenyewe juu ya usukani.

"Walikuwa wawili," alisema.

"Walikuwa wawili. Na mmoja ameondoka na msumeno wake."

* * *

Nyumba ya msiba ilikuwa Kiembe Samaki, karibu na mahali ndege zinaposhuka, na kila ndege ilipopita watu barazani walinyamaza mpaka sauti iishe. Himid, mdogo wake marehemu, ndiye aliyekuwa akipokea wageni. Alikuwa kijana mrefu mwenye macho mekundu. Alimkaribisha Yusra kwa adabu na kumtafutia kiti.

"Kaka alikuwa mkaidi," alisema. "Nilimkataza asende peke yake. Hakusikia. Ndiyo ajali yake ilivyoandikwa."

"Msumeno ule ulikuwa wake?"

"Wake, wa zamani. Kila mtu anaujua."

Mjaka alibaki barazani na wanaume. Yusra alivua viatu, akaingia ndani. Mize, mke wa Mabrouk, alikuwa ameketi juu ya mkeka katika chumba cha mwisho, amejifunika kanga nyeupe, yuko edani.

"Bi Mize, pole sana."

"Nshapoa. Kaa, mwanangu. Na wewe umekuja kuniambia alikwenda kuiba mti?"

"Nimekuja kukuuliza kama alikuwa akikata miti."

"Alikuwa." Mize alizungumza polepole, bila machozi. "Tangu bega lilipomteguka, aliacha. Nilimwambia, siku ukiiwasha tena mashine hiyo, mimi sipiki humu ndani. Akacheka. Kesho yake akautoa msumeno nyumbani kwangu."

"Akampa nani?"

"Sikuuliza. Nilifurahi kuona pale pembeni harufu ya petroli imeondoka. Tangu hapo akipasua kwa shoka, akipakia, akiwavutia wenzake kamba. Wakata miti wote wanamjua." Alimtazama Yusra usoni. "Wananambia mke hajui kila kitu cha mumewe. Hewallah, sijui kila kitu. Lakini nguo zake nnazifua mimi. Mtu akiwasha msumeno, nguo zinanuka. Zake hazikunuka."

* * *

Fundi Yussuf alikuwa na kibanda nyuma ya soko la Darajani, kimejaa pampu za maji, jenereta na misumeno iliyoning'inizwa. Aliuweka msumeno wa Mabrouk juu ya meza, akachukua bisibisi, akafungua taratibu huku Yusra akitazama kila kitu kinachotoka.

Chujio la hewa lilikuwa limeziba kwa vumbi kavu. Fundi alilivuta bomba la petroli, likakatika mkononi kama tambi. Ndani ya kabureta petroli ilikuwa imekauka na kuacha utandu wa rangi ya chai.

"Petroli imelala," alisema Yussuf. "Iliyochanganywa na oili ukiiacha humu, inaganda. Ndiyo maana nawaambia watu, hukati, imwage."

"Na kwenye ekzosi kuna nini?"

Fundi aliinamisha mashine kwenye mwanga. Tundu la kutolea moshi lilikuwa limezibwa kwa udongo mkavu, laini, uliofinyangwa vizuri. Yusra aliutazama bila kuugusa. Ulikuwa kiota cha nyigu, kimekamilika, hakina hata ufa.

"Mjaka, picha," alisema. "Moshi ungepita hapa mara moja tu, kiota hiki kisingekuwepo. Msumeno huu haukuwaka siku ile. Haukuwaka kwa miezi. Mtu aliuchukua mahali ulipokuwa umewekwa, akaulaza ubavuni mwa maiti."

Akamgeukia fundi. "Siku hizi mbili tatu umeletewa mnyororo uliogonga chuma?"

"Upo," alisema Yussuf, akaushusha kutoka kwenye msumari ukutani. Meno kadhaa yalikuwa yamemeguka. Nusu alikuwa ameshayanoa kwa tupa, nusu yalikuwa bado. "Wa Himid. Nilimwonea huruma, kafiwa na kaka yake. Alisema amekata milango mibovu kwa ajili ya kuni za bekari, akapitia njumu za shaba, ile misumari ya mapambo."

"Aliuleta kabla ya msiba au baada?"

"Siku ileile marehemu alipozikwa, jioni. Nilishangaa. Nikasema labda anataka kujishughulisha asahau."

Bekari haikuwa mbali, ndani ya Mji Mkongwe, katika kichochoro ambacho gari haliingii. Walikwenda kwa miguu. Nyuma ya tanuri, katikati ya rundo la kuni, palikuwa na vipande vya milango ya zamani, na njumu zake bado zimo.

"Basi kasema kweli," alisema Mjaka, akionyesha vipande vilivyokatwa kwa mashine.

Yusra alikiinua kimoja. Mbao ilikuwa kavu, ya kahawia iliyoiva kwa miaka. Alikinusa, akakirudisha. Kisha akamwuliza mchomaji mikate milango ile ililetwa lini.

"Kabla ya Ramadhani, miezi sasa," alijibu mchomaji. "Hakuna anayetaka kuichoma, inatoa moshi wa rangi."

"Na Himid hajaleta mingine?"

"Himid aliahidi kuni za mfenesi. Bado hajazileta."

* * *

Himid alikuwa akikaa chumba cha uani, nyuma ya nyumba ya marehemu kaka yake. Yusra alimwomba waende huko, pamoja na Mjaka, baada ya watu kutoka kusali alasiri. Hakumwambia kitu mbele ya wageni.

Msumeno wake ulikuwa chini ya kitanda, umefunikwa gunia. Ulikuwa mkubwa, wenye bapa refu, na mnyororo haukuwepo. Kwa nje ulikuwa umepanguswa ukang'aa.

"Fungua kifuniko cha pembeni," alisema Yusra.

"Kwa nini?"

"Nataka kuona mnyororo unapopita."

Himid alichukua spana. Alizilegeza nati mbili, akaziweka kwenye kisahani ili zisipotee, kisha akavuta kifuniko. Hakikutoka. Akakivuta kwa nguvu, kikabanduka kwa sauti ya kitu kilichogandana. Ndani, kuizunguka gia, ulikuwa umejaa unga wa njano ulioshikana kwa utomvu mweupe, mbichi, unaovutika kama ubani uliotafunwa.

Mjaka aliugusa kwa kijiti, ukanyooka uzi mrefu.

"Mlango mkavu hautoi utomvu, Himid," alisema Yusra. "Huu ni mfenesi, na nnaujua kisiki chake. Kina msumari ambao nusu yake imeondoka na meno ya mnyororo wako."

Himid aliketi kitandani na kifuniko bado kiko mkononi.

"Yeye ndiye aliyenifundisha kuwasha," alisema. "Alikuwa akinambia, usikate mti kwa haraka, mti una haraka yake wenyewe."

"Eleza tangu mwanzo."

"Nilikuwa nimemwahidi mtu wa bekari. Nilijua watu wote wako mazikoni. Kaka hakutaka, alisema mzee Nahodha ametukatalia na kibali hatuna. Nilimshikilia mpaka akakubali kuja, kuvuta kamba tu. Nilikata mbele vizuri. Nikaja nyuma, upande wa kushoto zikaruka cheche, msumeno ukagoma. Nikahamia kulia. Nilikuwa natazama meno ya mnyororo wangu, nimekasirika kwa meno. Sikuangalia nimefika wapi. Nikasikia mti umelia. Kaka alikuwa mahali pake, nilipomwambia mimi asimame. Mti haukwenda njiani. Ulizunguka ukamfuata."

"Kisha?"

"Nilizima mashine. Nikamwita. Hakuitika." Alikiweka kifuniko sakafuni. "Nikaikata kamba, nikakimbia kwa pikipiki. Kamba nikaitupa njiani. Nilipofika hapa nikauona msumeno wake, alinipa nimwekee. Nikafikiri, nikiuweka pale watasema alikuwa peke yake. Nikarudi nao. Nikauweka. Sikumtazama."

"Na Nahodha?"

"Nilidhani watamwachia kesho yake. Kila siku nilidhani kesho."

"Mzee wa watu amelala sakafuni, na wanawe wanamkana," alisema Mjaka kwa sauti ya chini.

Himid aliinama. Yusra alimwambia mambo yatakavyokuwa: atakwenda kituoni leo, ataandika maelezo, Nahodha atatoka kabla ya magharibi. Himid aliitikia kwa kichwa kila moja.

"Niruhusu kitu kimoja," alisema. "Shemeji asisikie kwa watu. Nimwambie mimi."

Mjaka alimtazama Yusra. Si utaratibu, lakini haikukatazwa popote. Yusra aliinuka.

Mize alikuwa edani, na Himid hakuweza kuingia. Alisimama ukumbini, nje ya mlango wa chumba, pazia likiwa limeshushwa baina yao, Mjaka kando yake. Yusra alikuwa ndani, kwenye mkeka, karibu na Mize. Himid alisema yote. Alianza vibaya, akarudi nyuma, akaanza tena, na safari hii hakuruka kitu, hata kwamba kaka yake hakutaka kwenda, hata kwamba Mzee Nahodha anakanwa na wanawe kwa kosa lisilo lake. Ndege ilipita juu ya paa, naye akasubiri ipite, akaendelea.

Alipomaliza, Yusra aliona vidole vya Mize vikiukamata ukingo wa mkeka na kuuachia.

"Himid."

"Labeka, shemeji."

"Ulipoondoka, alikuwa hai?"

Nyuma ya pazia sauti ilikuja, ndogo sana. "Sijui. Sikumgusa."

Yusra aliona ni wajibu wake kusema. "Bi Mize, daktari amethibitisha. Alikufa palepale. Hata angeitwa nani, asingemuwahi."

Mize alimgeukia, akamshika mkono kama mtu anayeshukuru. Kisha akaligeukia pazia.

"Hilo analijua daktari," alisema. "Wewe ulikuwa hulijui ulipokimbia."

Ukumbini, Himid alianza kulia. Mize hakumnyamazisha wala hakumfukuza. Alijifunika kanga vizuri, akamwomba Yusra amsogezee maji, akanywa kidogo.

"Mchukueni," alisema. "Na huyo mzee mkimtoa, mwambieni mke wa Mabrouk anamwomba radhi. Mwambieni wanawe waje kwangu, nitawaeleza mwenyewe."